Saa Zilizoipima West Nile

Tarehe 12 Mei 1894 serikali ya Uingereza ilitia saini mjini Brussels mkataba na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Dola Huru ya Kongo. Kwa mkataba huo Leopold alikodishiwa nchi pana ya magharibi ya mto Nile, ingawa hakuwahi kukanyaga Kongo maisha yake yote. Mpaka mmoja ulikuwa Nile yenyewe, ambayo kila mtu aliweza kuiona. Mwingine ulikuwa longitudo ya digrii 30 mashariki ya Greenwich, na huo hakuna aliyeweza kuuona. Sehemu ya nchi hiyo iliyobaki mikononi mwa Leopold ikaja kujulikana kama Lado. Mahali ilipo leo miji ya Arua na Koboko ya Uganda palikuwa ndani yake, kama kilomita 100 mashariki ya mstari ule.

Wenyeji walikuwa na alama zao. Walugbara husimulia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, na koo za Walugbara hufuata nasaba hadi kwa mashujaa hao. Mmoja anahusishwa na Mlima Liru, upande wa Koboko. Mwingine na Mlima Wati, huko Terego. Milima hiyo huonekana kutoka mbali, na mtu aliyetaja mlima, mto na ukoo alikuwa amekwisha kueleza anatoka wapi. Longitudo ililetwa na wageni waliohitaji kugawana nchi kabla ya kuifahamu.

Shida ya wageni hao ilikuwa saa. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa moja, kwa hiyo tofauti ya saa kati ya sehemu mbili ndiyo tofauti ya longitudo zao. Mpimaji aliyefika bonde la Nile alitazama nyota ili ajue saa ya pale aliposimama, kisha akailinganisha na saa ya Greenwich aliyokuja nayo ndani ya kronomita. Latitudo haikumsumbua sana. Ilitosha kupima kimo cha nyota au cha jua la adhuhuri. Longitudo ilitegemea chombo kilichobebwa na wapagazi kwa miezi mingi, katika joto la mchana na baridi ya alfajiri. Kila sekunde nne za kosa zilimsogeza kwa dakika moja ya longitudo, yaani karibu kilomita 1.85 katika nchi za jirani na ikweta. Kronomita iliyokosea kwa dakika mbili iliweza kuupeleka mpaka zaidi ya kilomita 50 kando.

Makosa hayo hayakukawia kujitokeza. Tume zilizopima kusini-magharibi ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 ziligundua kwamba meridiani ya 30 haikuwa pale ramani za awali zilipoichora. Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani zikaingia katika mabishano marefu yaliyomalizwa kwa makubaliano ya 1910. Kati ya 1907 na 1908 Luteni Kanali R.G.T. Bright aliongoza upande wa Waingereza katika tume ya mpaka wa Uganda na Kongo, na kazi yao ikafungua njia ya mradi mkubwa kuliko mpaka wowote.

Mradi huo ulitoka kwa Sir David Gill, mwanafalaki wa kituo cha kutazama nyota cha Cape Town. Tangu 1879 alikuwa akiwaza mnyororo wa pembetatu utakaoanzia kusini ya Afrika na kufika Misri, ukifuata meridiani hiyohiyo ya 30. Njia yake ilikuwa hivi: wapimaji walipima kwa uangalifu mkubwa urefu wa mstari mmoja ardhini, kisha wakapanda vilele vya milima na kupima pembe tu. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, hesabu hukupa pande nyingine, nazo zinakuwa msingi wa pembetatu inayofuata. Mlima kwa mlima, mnyororo unavuka nchi nzima. Kapteni E.M. Jack na G.T. McCaw walipima kipande cha Uganda mwaka 1908 na 1909, kama digrii mbili za latitudo zinazoipita ikweta, katika nchi ya Rwenzori na bonde la Semliki.

Wakati huo Lado ilikuwa ikibadilisha mikono. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na kwa makubaliano ya 1906 nchi ile ilitakiwa kurudi kwa Waingereza. Utawala wa Waingereza huko Sudan uliipokea Juni 1910. Katika miezi ya katikati wawindaji wa tembo walimiminika, kwa kuwa serikali haikuwa na nguvu yoyote huko. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile mapema 1910 akiwinda vifaru weupe, na jina la Rhino Camp limebaki hadi leo.

Mwaka 1914 kusini ya Lado ilihamishiwa Uganda, nayo ndiyo West Nile. A.E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, akaweka kituo chake Arua mwaka huohuo. Mpaka mpya na Sudan uliandikwa katika agizo la serikali, na maneno ya agizo hilo yamewasumbua watu wa West Nile kwa zaidi ya miaka 100. Mashariki ya Nile nchi ilikuwa imetembelewa mwaka 1913 na tume ya Kapteni H.H. Kelly. Magharibi ya Nile agizo lilitumia mito, ukiwemo mto Kaya unaopita mpakani mwa Koboko, pamoja na mpaka wa kusini wa kabila la Wakuku. Mto unaweza kupimwa. Mwisho wa nchi ya kabila, ambako watu wanaoana, wanahama na kulima pamoja, ulikuwa jambo la kuulizwa kwa wazee, na kila mzee alikuwa na jibu lake. Upande wa Kongo mpaka ulifuata mgawanyiko wa maji kati ya Nile na Kongo, na makubaliano ya Februari 1915 yakauthibitisha. Mvua inayonyesha upande wa Arua hushuka kwenda Nile hadi Misri. Inayonyesha upande wa pili huenda Kibali, Uele, mto Kongo na mwishowe Atlantiki. Ni mpaka unaoeleweka kwa macho, ila pale nchi ilipo tambarare hata maji huonekana kusitasita.

Mnyororo wa Gill uliendelea bila yeye. Alifariki mwaka huohuo wa 1914. Katika miaka ya 1930 Martin Hotine, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliongoza upimaji wa sehemu ya Tanganyika. Pengo la mwisho lilikuwa kusini ya Sudan, nayo ikapimwa na wapimaji wa jeshi la Marekani hadi kazi ilipokamilika mwaka 1954. Ilikuwa imechukua miaka 75 tangu wazo la kwanza. Hotine mwenyewe, kuanzia 1946, aliongoza idara ya upimaji wa makoloni iliyopiga picha Afrika Mashariki kutoka ndegeni na kuchora ramani za kipimo cha 1:50,000. Kutokana na mnyororo ule ukazaliwa mfumo unaoitwa Arc 1960, msingi wa ramani za Uganda, Kenya na Tanzania. Kila kilima, kila mto na kila njia ya West Nile sasa vilikuwa na namba, na namba hizo zilirudi nyuma, pembetatu kwa pembetatu, hadi kwenye milima iliyopandwa na kina Jack.

Miaka mitatu baada ya mnyororo huo kukamilika, upimaji wa dunia uligeuka ghafla. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya Sputnik 1. Katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliunasa mlio wake kwa redio. Waliona kwamba masafa ya mlio huo yalipanda setilaiti ilipokuwa ikija na kushuka ilipokuwa ikienda. Kutokana na kupanda na kushuka huko peke yake waliweza kukokotoa njia nzima ya Sputnik angani. Machi 1958 mkubwa wao, Frank McClure, aliwauliza swali lililogeuza kazi yao juu chini: ikiwa mtu anayejua aliposimama anaweza kujua setilaiti ilipo, je, anayejua setilaiti ilipo hawezi kujua aliposimama yeye?

Jibu lilikuwa mfumo wa Transit, uliotengenezwa kwa ajili ya nyambizi za jeshi la maji la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza iliyofanikiwa ilirushwa Aprili 1960, mfumo ukaanza kutumika 1964 na kufunguliwa kwa raia mwaka 1967. Ulikuwa na dosari iliyowagusa zaidi watu wa ikweta. Setilaiti zake zilipita juu ya ncha za dunia, kwa hiyo njia zao zilikaribiana huko kaskazini na kusini na kuachana sana katikati. Aliye karibu na Aktiki alipata setilaiti mara kwa mara. Aliye Afrika Mashariki aliweza kungoja saa moja na nusu au zaidi, na alipaswa kukaa mahali pamoja wakati setilaiti ikipita.

Hata hivyo Transit ndiyo iliyoiunganisha Afrika kwa setilaiti mara ya kwanza. Kati ya 1981 na 1986 nchi za bara hili zilishirikiana katika upimaji uliotumia mfumo huo kuweka nukta za msingi kutoka nchi hadi nchi, na kituo cha upimaji na ramani cha Nairobi, kilichoanzishwa 1975 na sasa kinaitwa RCMRD, kilikuwa miongoni mwa nguzo za kazi hiyo. Kwa watu wa Arua na Koboko miaka hiyo ina kumbukumbu nyingine kabisa. Rais Idi Amin, ambaye upande wa baba alikuwa Mkakwa wa Koboko, alipinduliwa mwaka 1979, na wenyeji wa West Nile wakalipizwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, jirani na mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan, wengi wakikaa huko miaka mingi. Wakati nukta za bara zikipimwa kutoka angani, nyumba nyingi za West Nile zilikuwa magofu, na wenyewe walikuwa ng'ambo ya mito ileile iliyoandikwa katika agizo la 1914.

Wakati huo mfumo mwingine ulikuwa ukijengwa. Roger Easton, wa maabara ya utafiti ya jeshi la maji la Marekani, alikuwa ameshaonyesha tangu 1967, kwa setilaiti za Timation, kwamba saa sahihi inaweza kuwekwa angani. Jeshi la anga lilikuwa na mradi wake, nao ulishindana na ule wa Easton. Mwishoni mwa juma la mapumziko la Septemba 1973 Kanali Bradford Parkinson aliwafungia maofisa wake katika jengo la Pentagon, lililokuwa karibu tupu, mpaka wakapata mpango mmoja uliochanganya yaliyo bora. Huo ndio GPS. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa tarehe 22 Februari 1978.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza, ingawa ni mgumu kuutimiza. Setilaiti zisizopungua 24 huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200, kila moja ikimaliza mzunguko kwa karibu saa 12. Kila moja imebeba saa za atomu, na muda wote inatangaza kwa redio mambo mawili: niko hapa, na saa yangu ni hii. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na kufika ardhini baada ya takriban sekunde 0.07. Kipokezi hutazama saa iliyotajwa na saa yaliyofika, na tofauti ikizidishwa kwa kasi ya mwanga hutoa umbali.

Umbali mmoja hautoshi. Kipokezi kilicho sokoni Arua kikijua kwamba kiko kilomita 21,000 kutoka setilaiti fulani, kinaweza kuwa popote juu ya tufe kubwa lenye setilaiti hiyo katikati. Setilaiti ya pili hulikata tufe hilo na kubakiza duara. Ya tatu hulikata duara na kubakiza nukta mbili, moja ikiwa mbali angani ambako hakuna mtu. Ya nne inahitajika kwa sababu ya saa. Simu ya mkononi haina saa ya atomu; ina kipande cha kwatzi cha bei ndogo kinachokosea bila kukoma. Kwa hiyo kipokezi kinatafuta vitu vinne kwa mpigo, yaani latitudo, longitudo, kimo na kosa la saa yake chenyewe, na vitu vinne vinahitaji setilaiti nne. Mwuza nguo aliye sokoni hupata saa ya atomu bure kila anapofungua ramani kwenye simu yake, jambo ambalo Kapteni Kelly asingelipata kwa mali yoyote.

Tofauti ya nyakati hizo mbili inaonekana vizuri katika sekunde. Kwa mpimaji wa nyota, kosa la sekunde moja lilikuwa karibu nusu kilomita ardhini. Kwa kipokezi cha setilaiti, sekunde moja ni kilomita 300,000, zaidi ya robo tatu ya safari ya kwenda mwezini. Sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Ndiyo maana hesabu za Albert Einstein zimo ndani ya kila simu. Kwa mujibu wa nadharia yake ya uhusianifu, saa iliyo juu, ambako mvutano wa dunia ni dhaifu, hukimbia mbele sehemu 45 za milioni za sekunde kila siku. Na kwa kuwa setilaiti inakwenda kasi, saa hiyohiyo hubaki nyuma sehemu 7. Zinabaki 38. Wahandisi wasingelizirekebisha, mahali pa kila mtu pangehama kwa zaidi ya kilomita 11 kwa siku, na baada ya siku nne kosa lingezidi umbali wa Arua na Koboko kwa mstari ulionyooka.

GPS ilijengwa kwa ajili ya vita. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na kutunguliwa, na watu 269 wakafa. Rais Ronald Reagan akatangaza kwamba mfumo huo utakapokuwa tayari, raia wa dunia nzima watautumia bila malipo. Ulikamilika rasmi mwaka 1995. Hata hapo Marekani iliendelea kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya raia, hivi kwamba kipokezi kiliweza kukosea kwa mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, upotoshaji huo ulizimwa. Vipokezi vilevile vilivyokuwa mikononi mwa watu, bila kubadilishwa chochote, vikaanza kuonyesha mahali kwa mita kumi na kitu.

Katika ofisi za ramani hapo ndipo kazi nyingine ilipoanza. GPS hutumia mfumo wake unaoitwa WGS 84, uliopimwa kutokana na kitovu cha dunia nzima. Ramani za zamani za Uganda zilikuwa katika Arc 1960, uliolingana na umbo la dunia kadiri lilivyojulikana kwa pembetatu za Afrika. Mtu aliyesoma namba za kipokezi na kuziweka moja kwa moja juu ya karatasi ya 1:50,000 alikosea kwa takriban mita 300, karibu zote kwa upande wa kaskazini na kusini. Ramani haikuwa mbovu, wala setilaiti haikukosea. Mbili hizo zilianza kuhesabu kutoka mahali tofauti. Kwa anayetafuta mlima mita 300 si kitu. Kwa anayetafuta kisima, mpaka wa shamba au jiwe la mpaka wa nchi, ni kila kitu.

Faida kubwa ya usahihi huo huko West Nile imeonekana katika vita dhidi ya malale. Malale ya aina ya gambiense yaliwatesa watu wa eneo hili kwa vizazi, na yalirudi kwa nguvu pamoja na waliokuwa wakirejea kutoka uhamishoni katika miaka ya 1980. Mbung'o wanaoyasambaza hukaa kandokando ya mito, kwenye vichaka vinavyogusa maji. Kuanzia 2011 ofisi ya Uganda inayoratibu udhibiti wa ugonjwa huo, COCTU, pamoja na Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool, walijaribu huko Arua na Maracha kifaa kidogo sana: kipande cha kitambaa cha buluu kilichoshonwa na wavu mweusi wenye dawa ya deltamethrini, chote kikiwa sentimita 25 kwa 50. Buluu humvuta mbung'o, wavu humuua.

Vitambaa hivyo vilisimikwa kila baada ya mita 50 hadi 100 ukingoni mwa mito, kisha mahali pa vitambaa na mitego pakaandikwa kwa GPS. Bila namba hizo kazi ingekwama. Dawa hufifia, mafuriko hubeba vitambaa, majani huvifunika, na vinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi kama sita na watu ambao huenda si wale waliovisimika. Kijana aliyeajiriwa kijijini alipewa orodha ya namba na kipokezi, akafika penye mti uleule. Mitego ya kuhesabia nayo ilikuwa na namba zake, kwa hiyo wataalamu walijua mbung'o wamepungua wapi na wamebaki wapi. Walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kazi ikapanuliwa hadi wilaya nyingine, Koboko ikiwa mojawapo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya gambiense si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda.

Katika miaka hiyohiyo mkondo wa wakimbizi uligeuka. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yaliwasukuma Wasudani Kusini kuvuka Oraba, mpakani mwa Koboko, na vivuko vingine. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na kabla ya mwaka mmoja ilikuwa na zaidi ya watu 270,000. Rhino Camp ilifurika, Imvepi ikafunguliwa tena 2017; Lobule, ndani ya Koboko, ilikuwa ikiwapokea Wakongo tangu 2013. Wengi wa waliowapokea wageni hao walikuwa wamewahi kuishi kama wakimbizi ng'ambo ya mipaka ileile. Mahali palipokuwa vichaka pakawa makazi, na hakuna ramani iliyoonyesha njia, bomba la maji wala zahanati. Wachora ramani wa kujitolea wa OpenStreetMap, kupitia shirika la HOT, waliwafundisha vijana wa kambini na wa vijiji vya jirani kutumia simu zao kuandika mahali pa kila kisima, shule, choo na soko. Kwa mara ya kwanza ramani ya West Nile ilichorwa na watu wanaochota maji katika visima vinavyochorwa.

Wako waliohofu, na hofu yao ilikuwa na haki kwa watu waliokimbia majeshi: je, setilaiti inatuona? Setilaiti ya GPS haioni kitu. Inatangaza tu, na kipokezi kinasikiliza, kwa hiyo watu milioni au bilioni wanaweza kusikiliza bila setilaiti kujua hata mmoja wao. Hatari huanza pale simu inapomtumia mtu mwingine, kupitia mtandao, taarifa ya mahali ilipo. Ndiyo maana kisima cha umma huandikwa hadharani, na nyumba ya mkimbizi inahitaji kulindwa.

Kutuma huko ndiko kunakotumiwa barabarani. Mizigo inayotoka Mombasa kwenda Kongo kupitia mpaka wa Vurra, au Sudan Kusini kupitia Oraba, hupita Uganda bila kulipiwa ushuru, na zamani baadhi yake ilishushwa njiani na kuuzwa. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza kufuatilia malori kwa vifaa vya kielektroniki mwaka 2014, na 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikaunganisha mifumo yao. Lakiri iliyofungwa kwenye kontena hutambua mahali ilipo kwa mawimbi ya kutoka angani na kutuma taarifa hiyo kituoni kwa mtandao wa simu. Lori likiacha njia au lakiri ikivunjwa, kituo hujulishwa papo hapo.

Leo GPS haiko peke yake. Glonass ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, iliyokamilika 2020, zote hupita juu ya West Nile, na simu ya kawaida husikiliza kadhaa kwa pamoja. Bado ikweta ina taabu yake. Tabaka la ayonosfia, lililo juu sana angani, huchafuka katika nchi za tropiki baada ya jua kuchwa, hasa karibu na Machi na Septemba katika miaka ambayo jua lina msukosuko. Mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutetereka, na kipokezi cha mpimaji kinaweza kupoteza setilaiti kadhaa kwa muda. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina kipokezi cha kudumu kinachosikiliza usiku na mchana, na watafiti wake hutumia mitetereko hiyo kulichunguza tabaka lenyewe.

Vipokezi vya kudumu vya namna hiyo ndivyo vinavyomwezesha mpimaji wa ardhi kupata usahihi wa sentimita. Kimoja kinakaa mahali panapojulikana kabisa na kuona kosa la mawimbi. Cha pili, kilicho shambani, hulitoa kosa hilo katika hesabu yake. Kazi inayosubiri usahihi huo iko Koboko. Katika eneo la Salia Musala mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inakutana, na Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Mashariki zaidi, kati ya Moyo na Kajo-Keji, maneno ya 1914 kuhusu Wakuku yamezaa ugomvi uliofikia mapigano mwaka 2014. Umoja wa Afrika ulianzisha programu ya mipaka mwaka 2007 ili nchi wanachama zipime na kuweka nguzo. Ramani za Sudan zilijengwa juu ya mfumo wa Adindan na za Uganda juu ya Arc 1960, kwa hiyo nguzo moja iliyoandikwa katika vitabu viwili inaweza kuonekana kama nguzo mbili. Setilaiti zinaumaliza mkanganyiko huo kwa kuwapa wote kitovu kimoja cha kuhesabia. Zikisha kufanya hivyo, bado mpimaji wa Koboko atahitaji kutembea na wazee wa Kikakwa na wa Kikuku wanaokumbuka mto ulipopita kabla ya kuhama na shamba la babu lilipoishia, kisha kuyaandika majibu yao kwa namba zitakazosomeka sawasawa Kampala, Juba na Kinshasa.